Pinde mbili, kipimo kimoja: kisa cha Ishi na Daktari Pope

Mwaka 1912 daktari wa upasuaji aitwaye Saxton Pope alianza kufundisha udaktari katika Chuo Kikuu cha California, mjini San Francisco. Jirani na hospitali palikuwa na makumbusho ya chuo, na humo alikuwa akikaa Ishi, mtu wa kabila la Wayahi aliyejitokeza mjini Oroville, California, tarehe 29 Agosti 1911, peke yake. Watu wake walikuwa wamemalizwa na mauaji ya walowezi, njaa na maradhi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Pope akawa daktari wake, kisha rafiki yake, kisha mwanafunzi wake. Somo lenyewe lilikuwa kuchonga upinde na kuutumia.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu mabishano yanayozuka kila wachonga pinde wanapokutana yote yamo ndani yake. Wapo watu wawili wanaoelewana, kila mmoja ana mti wake, umbo lake na namna yake ya kuvuta ugwe, ila mmoja wao ndiye mwenye kalamu na mizani. Pope aliandika alichokiona kwa uangalifu mkubwa, na hadi leo maelezo yake ndiyo chanzo kikuu cha yale tunayoyajua kuhusu upinde wa Wayahi. Baadaye akaingia kupima. Ninavyoona mimi, macho ya Pope yalimtendea haki Ishi, lakini mizani yake haikumtendea. Kosa hilo bado linafanywa na mafundi wazuri, watu wenye nia njema kabisa.

Upinde wa Ishi

Kwanza tuutazame upinde wenyewe, maana wanaobishana juu ya pinde za watu wengine mara nyingi hawajazisoma.

Ishi alipendelea mreteni wa milimani, mti wa jamii moja na mtarakwa wetu. Alipasua tawi, akatumia tabaka za nje pamoja na mti mweupe ulio chini ya gome. Alichonga kwa kukwangua, akalainisha kwa kusugua na jiwe la mchanga. Urefu wa upinde aliupima kwa mwili wake: kutoka kiganja cha mkono ulionyooshwa hadi nyonga ya upande wa pili. Kwa rula ya Pope hiyo ilikuwa inchi 42 hivi, yaani sentimita 107. Mikono ya upinde, yaani pande mbili zinazojipinda juu na chini ya mshiko, ilikuwa bapa, mipana kama inchi mbili katikati ya kila mkono, na unene wa nusu inchi tu. Ncha alizikunja kidogo kuelekea mgongoni, yaani upande wa shabaha, kwa kuzilaza juu ya jiwe la moto, akazifunga zikae hivyo, kisha akaacha mti ukauke mahali pakavu penye giza. Kazi hiyo ya kukausha iliweza kuchukua miezi, hata miaka.

Ulipokauka ndipo ilipokuja kazi inayoufanya upinde huu uwe ulivyo. Alichemsha ngozi ya samoni akapata gundi, akaipaka mgongoni mwa upinde baada ya kuukwaruza. Kisha alichukua kano ndefu za miguu ya paa, akazitafuna mpaka zikawa laini na nyuzi zake zikaachana, akazipanga moja moja zikipandana miishoni mpaka mgongo wote ukafunikwa kwa unene. Akafunga yote kwa vipande vyembamba vya gome la mti wa kandokando ya maji, akasubiri siku kadhaa, akafungua, akapaka gundi tena na kusugua. Ugwe nao ulikuwa wa kano zilizotafunwa na kusokotwa. Upinde wake wa kawaida wa kuwindia ulikuwa na uzito wa kuvuta, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta, wa ratili 40 hivi, karibu kilo 18, ukivutwa inchi 26.

Mchonga pinde anayesoma vipimo hivyo atashtuka. Upinde wa mbao tupu wenye inchi 42 ukivutwa inchi 26 utavunjika mikononi mwako. Kwa kawaida mti mtupu unahitaji urefu unaozidi mara mbili ya mvuto wake, yaani umbali unaovutwa ugwe, na mafundi wengi huongeza akiba juu ya hapo. Ishi alikwenda chini ya kiwango hicho kwa kiasi kikubwa, na upinde wake ukadumu. Aliwezaje?

Jibu limo katika mgongo na tumbo. Upinde unapovutwa, mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, unanyooshwa kwa nguvu. Tumbo, upande unaomwelekea mpigaji, linabanwa. Mbao nyingi hustahimili kunyooshwa kuliko kubanwa, lakini mreteni ni mti wenye tabia yake: tumbo lake linavumilia kubanwa vizuri, ilhali mgongo wake ni dhaifu na hukatika ghafla. Kano hunyooka mara kadhaa zaidi ya mti kabla ya kukatika. Kwa hiyo Ishi aliuachia mti kazi inayouweza, na kazi isiyouweza akaipa kano. Mikono ya upinde akaifanya miembamba, kwa kuwa kipande chembamba hujipinda sana bila nyuzi zake kuumia, na nguvu iliyopotea kwa wembamba akairudisha kwa upana. Hesabu yake iko wazi: ukiongeza upana mara mbili, nguvu ya kuvuta inaongezeka mara mbili, ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane, na mti unafika upesi mahali pa kuvunjika. Ishi hakuandika hesabu hiyo popote, lakini kila inchi ya upinde wake inaitii.

Ufupi nao ulikuwa na sababu. Miteremko ya Deer Creek, nchi ya Wayahi, imejaa vichaka vizito. Mwindaji alinyemelea akiwa amechutama, au aliita mnyama kwa sauti ya midomo na kumngoja asogee, kisha akapiga kutoka hatua chache huku ameushika upinde kwa mshazari. Upinde wenye urefu wa mtu ungenasa kwenye matawi kabla mshale haujawekwa.

Upinde wa Pope

Upinde ambao Pope aliuishia ni ule mrefu wa Kiingereza, uliotengenezwa kwa mti uitwao yuu. Yuu ina zawadi ya asili: mti mweupe wa nje unanyooka vizuri, na kiini chake chekundu kinastahimili kubanwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mchongaji akipasua gogo na kulichonga ili mti mweupe ubaki mgongoni na kiini kikae tumboni, anapata kazi ile ile ya kano na mreteni ndani ya kipande kimoja, bila gundi. Ndiyo maana Waingereza waliweza kuuchonga upinde mwembamba wa upana, mnene, wenye tumbo la mviringo, na ukafanya kazi. Ukilichukua umbo hilo na kulilazimisha kwenye mti mweupe wa kawaida, kilele cha mviringo wa tumbo kinabeba mzigo wote, nyuzi zake zinapondeka, na upinde unabaki umejikunja hata ugwe ukiondolewa.

Kwa hiyo tunazo njia mbili, na kila moja ni jibu la mti wake na la ardhi yake.

Yaliyotokea kati yao

Pope alianza vizuri. Alijifunza kwanza kwa namna ya Ishi, pamoja na kuvuta ugwe kwa kidole gumba. Hakuanza kwa kumsahihisha. Alikaa, akaangalia, akapima, akaandika. Baadaye alijiunga nao Will Compton, mpigaji upinde mzoefu, na Pope akahamia kwenye uvutaji wa vidole vitatu na upinde mrefu, unaoruhusu uzito mkubwa zaidi. Ishi alibaki na upinde wake mfupi. Akipewa shabaha kubwa ya duara iliyowekwa mbali, ya mtindo wa Kiingereza, alifanya vibaya kuliko wenzake. Akipewa kitu kidogo kama kwale, karibu, alikuwa hatari.

Hapa ndipo ningependa msomaji atue kidogo. Mtu mmoja, upinde mmoja, na majibu mawili yanayopingana, kwa sababu swali limebadilika. Shabaha ya duara kwenye uwanja wazi ni swali la Kiingereza. Kwale kichakani ni swali la Kiyahi. Pope aliliona jambo hili na kuliandika, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini alipofika kwenye vipimo vyake rasmi alilisahau.

Mwaka 1918 alichapisha maelezo ya upigaji upinde wa Wayahi. Mwaka 1923 akachapisha utafiti mpana zaidi, ambamo pinde za mataifa mengi, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye makabati ya makumbusho, zilivutwa na kupigwa ili kuona zinafikisha mshale umbali gani. Kazi hiyo ilikuwa ya bidii, na kwa wakati wake ilikuwa mpya. Tatizo ni kwamba umbali ulifanywa hakimu mkuu, na pinde za wenyeji wa Amerika na za kwingineko zikaonekana duni mbele ya upinde mrefu wa Kiingereza.

Mchonga pinde yeyote anaweza kuona mianya. Upinde uliokaa makumbusho miaka mingi umekauka kupita kiasi. Mti unaofanya kazi vizuri huwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 10 hivi. Ukishuka sana unakuwa mkakamavu na unavunjika kirahisi, na gundi ya wanyama nayo hupasuka. Hakuna aliyekuwapo kusema upinde huu ulikusudiwa kuvutwa inchi ngapi, na mshale wake ulikuwa mzito kiasi gani. Upinde wa mishale ya sumu, kwa mfano, haukusudiwi kurusha mbali wala kupasua mfupa: unatakiwa uingize ncha chini ya ngozi na mwindaji asiwe ameonekana. Na mtu akichukua upinde mmoja kutoka kabatini akauita wa Afrika, amechukua nini? Pinde za Waata waliowinda tembo Tsavo zilikuwa na uzito wa kuvuta unaozidi ratili 100. Mahali pengine Afrika zipo pinde nyepesi za kutungulia ndege. Jina moja halitoshi kuzibeba zote.

Halafu kuna suala la mizani yenyewe. Ili kuujua upinde wa kale wa vita wa Kiingereza, Pope alitengeneza mfano wake kwa kufuata vipimo vya upinde uliotolewa kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Kiingereza, iliyozama mwaka 1545 na kufikiwa na wapiga mbizi tangu miaka ya 1830. Mfano wake ulitoa ratili 65 ukivutwa inchi 28. Meli hiyo ilipochimbuliwa kwa ukamilifu na kuinuliwa mwaka 1982, zilipatikana pinde zaidi ya 130 zikiwa nzima, na waliozichunguza wakakadiria kwamba nyingi zilikuwa na uzito wa ratili 100 na kuendelea, baadhi zikikaribia 180. Kumbe hata upinde wa asili yake mwenyewe, ule aliouweka kuwa kipimo cha wengine, Pope hakuwa ameuona wote. Simlaumu kwa kutojua kilichokuwa bado chini ya matope. Ninachokiona ni jinsi alivyokuwa na uhakika.

Baada ya Pope

Pope alifariki mwaka 1926. Katika miaka ya 1930 wanafizikia Clarence Hickman na Paul Klopsteg, pamoja na mhandisi Forrest Nagler, waliuchunguza upinde kwa hesabu na vyombo vya maabara. Waligundua kwamba umbo nene la mviringo linautesa mti bila sababu, na kwamba mkono bapa wenye tumbo lililonyooka hugawa mzigo sawasawa katika upana wake wote. Pinde walizozipendekeza, zenye mikono mipana na bapa, kwa umbo la mkato zinafanana zaidi na za Ishi kuliko na za Waingereza. Umbo hilo si geni hata Ulaya: pinde za mti wa elmi zilizofukuliwa Holmegaard, Denmark, zenye umri wa miaka 9,000 hivi, zina mikono mipana na bapa.

Ni rahisi sasa kupindua meza na kusema Ishi alishinda. Nimewasikia mafundi wakisema hivyo, tena kwa furaha, na upinde mrefu wakauita upumbavu wa mapokeo. Hilo ni kosa la Pope lililovaliwa nje ndani. Hickman na wenzake walijibu swali la ufanisi wa mti kwa ujumla. Hawakuwa wakitafuta njia ya kuwapa maelfu ya askari pinde zinazotengenezwa upesi kutoka kwenye magogo ya yuu yaliyopasuliwa, zinazovumilia mvua kwa kuwa hazina gundi ya ngozi ya samaki. Kwa swali hilo upinde mrefu ni jibu zuri sana. Upinde wa kano wa Ishi ungefumuka katika majira ya mvua ya kaskazini mwa Ufaransa.

Yale yasiyopimika

Ishi alikuwa na kanuni zake za kuutunza upinde. Haukuachwa na ugwe umefungwa. Haukusimamishwa wima, alisema upinde uliosimama unaendelea kufanya kazi, unatoka jasho na kudhoofika. Wakati wa baridi aliupasha moto kabla ya kuufunga ugwe. Mtoto hakuruhusiwa kuuchezea, mtu hakuruhusiwa kuuruka, mwanamke hakuruhusiwa kuugusa.

Baadhi ya kanuni hizi fundi wa leo anazikubali bila ubishi. Ugwe uliofungwa muda mrefu unaufundisha mti kujikunja, na kano kavu kwenye baridi hukatika. Nyingine hazina maelezo ya kimti, na mimi sizifuati. Hata hivyo sioni haja ya kuzitafutia sayansi ya kubuni ili zikubalike, wala ya kuzifuta katika maelezo ya upinde ili Ishi aonekane wa kisasa. Pope aliziandika zote pamoja, za moto na za mtoto, bila kuzichuja. Hilo nalihesabu kuwa jambo bora zaidi alilolifanya. Aliandika pia kwamba Ishi aliweka ncha ya upinde mdomoni na kugonga ugwe kwa mshale ili utoe muziki, huku akiimba. Jedwali la umbali lingewezaje kulibeba hilo?

Wapo pia wanaomtumia Ishi kama rungu la kuwapigia wenzao: kwamba upinde wa kweli ni wa jiwe na kano tu, na anayetumia rangi ya dukani ameharibu. Ishi mwenyewe hakuwa hivyo. Alipokuwa makumbusho alipaka shelaki, aina ya vanishi, kwenye upinde wake ili kulinda gundi na mti, na alichonga vichwa vya mishale kwa glasi ya chupa kwa ustadi wa ajabu. Mwanaakiolojia Steven Shackley alivichunguza vichwa hivyo akaona vinafanana zaidi na vya majirani, Wawintu na Wanomlaki, kuliko na vile vilivyofukuliwa katika nchi ya Wayahi. Huenda Ishi alifundishwa na mtu wa kabila jingine, labda ndugu wa damu. Njia tunayoiita ya Kiyahi tayari ilikuwa na mikono ya watu wengine ndani yake.

Sitaki kuacha picha tamu kupita kiasi ya makumbusho yale. Ishi alipofariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916, marafiki zake walimwekea upinde na mishale yake. Lakini mwili wake ulikuwa umepasuliwa na ubongo wake kutolewa, jambo lililokwenda kinyume na desturi za watu wake, na Alfred Kroeber, mkuu wa makumbusho, alikuwa ameandika kulipinga. Baadaye ubongo huo ulipelekwa kwenye taasisi ya makumbusho ya Smithsonian, Washington, na haukurudishwa kwa jamaa zake wa karibu wa makabila ya California hadi mwaka 2000. Mtu anaweza kuiheshimu kazi ya mikono ya mwenzake na papo hapo ashindwe kumheshimu mwenyewe.

Ningepima vipi

Nikiombwa leo kuulinganisha upinde wa kano na upinde wa mti mtupu, nisingeanza na uwanja wa kurushia. Ningeuliza kwanza mti gani ulipatikana na ulikaushwaje, mnyama au adui gani alilengwa, kwa umbali gani, katika hali gani ya hewa, na kwa mshale wa uzito gani. Kisha ningechonga upinde mpya wa kila aina kwa vipimo vya mwenyewe, nikaupa mshale wake, nikamwomba mtu aliyezoea namna ile ya kuvuta ndiye apige. Umbali ningeupima, ndiyo, lakini ningepima pia mkunjo uliobaki baada ya mishale mia, kelele ya ugwe, na nafasi anayohitaji mtu aliyechutama.

Na upinde mbaya ningeuita mbaya. Upo upinde ambao mkono mmoja umekaza na mwingine unajikunja kama bawaba, upo wenye mgongo uliokatwa nyuzi zake na fundi mwenye haraka, na kusema kila mtu ana njia yake hakuuponyi. Ishi angekuwa wa kwanza kuuweka kando. Ila ningeuhukumu kwa kile alichokusudia mchongaji wake, na kama mchongaji yuko hai, ningemsikiliza yeye kabla ya kuushika ugwe.